Jibu la Asubuhi

1

Mzee Ambokile Mwaisumo alicheka siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, na kicheko hicho ndicho kilichoyavuruga maisha ya Nesi Tusekile.

Si kwamba kucheka kulikatazwa katika Nyumba ya Upole. Ni kwamba hakuna aliyecheka. Wagonjwa kumi na tisa waliolazwa pale, chini ya mlima Rungwe, walikuja kufa, na walikuwa wakifa kwa adabu: bila kelele, bila kung'ang'ania mikono ya wauguzi, bila kuuliza itakuwaje. Wageni wa Bodi ya Faraja walinyata vyumbani, wakatazama vioo vya mashine vilivyowaka kijani juu ya vitanda, wakaandika kwenye taarifa zao kwamba hapa hofu ya kifo imekwisha. Tusekile aliwahi kuisoma taarifa moja na kuvimba kichwa. Nyumba hiyo alikuwa ameitumikia miaka sita tangu ilipofunguliwa, na sifa zake alizichukua kama zake mwenyewe.

Asubuhi hiyo radi ilipiga mlingoti wa mawasiliano. Mashine za kuchuma chai zilizokuwa zikitambaa zenyewe mlimani zilisimama kila moja pale ilipokuwa, na vioo vyote vya nyumba vikazimika. Fundi akasema itachukua nusu saa, labda na zaidi kidogo. Tusekile akapita chumba kwa chumba kuangalia kama kuna aliyeshtuka, na alipofika namba saba alimkuta Mzee Ambokile ameinuka mwenyewe, amegeukia dirishani, anatazama mvua.

Mzee huyu alikuwa mpima mvua. Kwa miaka thelathini na mmoja aliishi kwenye kituo cha hali ya hewa kule juu, na kila asubuhi saa tatu kamili alisoma chombo cha mvua na kuandika milimita kwenye daftari. Sasa saratani ya koo ilikuwa imemwachia sauti ya mkwaruzo na uji mwepesi, na katika miezi minne aliyolala pale alikuwa amesema maneno ya kuhesabika. Lakini asubuhi hiyo alimwita Tusekile kwa mkono, akamwonyesha beseni lililosahaulika nje chini ya mchirizi wa bati, akaanza kumsimulia kisa cha mbuzi.

Mbuzi wa jirani alikata kamba, akaruka ua wa kituo, akaangusha kifuniko na kunywa mvua ya siku nzima. Wenzake wa kazi wa mjini walimwambia Mzee Ambokile akadirie tu, aandike ishirini au ishirini na tano, nani atajua. Yeye akakataa. Kazi ile, alisema, ina sheria moja tu: usiongeze tone wala usipunguze tone. Chombo kikifurika huandiki namba ya kubuni, unaandika kimefurika, unasaini. Kwa hiyo akaandika kwenye daftari la serikali, tena kwa wino, kwamba maji yamenywewa na mbuzi, akasaini. Mkaguzi akapanda mlima mzima kuja kumsomea barua ya onyo.

"Ya kurasa mbili," alisema Mzee Ambokile, "na mbuzi mwenyewe amesimama pale anasikiliza."

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka. Kilikuwa cha kukwaruza, cha mtu anayeumia koo kwa kila pumzi, lakini kilitoka tumboni, na Tusekile naye akajikuta anacheka hadi akashika ukingo wa kitanda. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alicheka na mgonjwa.

Kisha mawasiliano yakarudi na kioo kikawaka.

Tusekile alikuwa anamtazama usoni. Kicheko hakikuisha kama vicheko vinavyoisha, polepole, kwa mtu kufuta macho na kuguna kidogo. Kilifutika. Midomo ilishuka, macho yakatoka dirishani, mabega yakalegea. Juu ya kitanda, kwenye kioo, mchoro wa moyo wake uliokuwa umepanda ulipinda ghafla, ukashuka, ukashuka tena, mpaka ukalala juu ya mstari wake. Taa ya kijani ikawaka. Mzee Ambokile akajilaza na kugeukia ukutani.

"Baba," Tusekile alimwita, "huyo mbuzi ilikuwaje baadaye?"

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu. Ijumaa bado?"

"Bado, baba. Ni keshokutwa."

"Mbali," alisema, akafumba macho.

Ijumaa saa sita mchana ndio wakati alioandikishwa usingizi mrefu: sindano moja, mtu analala, haamki tena mpaka mwili umalize kazi yake wenyewe. Sheria ilikuwa kali juu ya jambo hilo. Aliyeelemewa na huzuni hakuruhusiwa kuomba, maana huzuni ingeweza kuwa ndiyo inayoomba. Ilibidi kioo kisome kijani siku thelathini mfululizo, kuthibitisha kwamba ni mtu mwenyewe, akiwa na moyo uliotulia, ndiye aliyechoka. Kioo cha Mzee Ambokile kilikuwa kimesoma kijani karibu miezi minne.

2

Mizani, kama walivyokiita, ni kidude kisichozidi punje ya mchele. Hupandikizwa nyuma ya sikio, kisha hutuma nyuzi zake ndani ya kichwa, na kwa mawasiliano ya kioo kazi yake ni kujua moyo wa mtu uko wapi na kuurudisha mahali pake. Ukizama, huuinua. Ukipanda kupita kiasi, huushusha, kwa sababu waliokiunda waliogopa kuwageuza wagonjwa kuwa walevi wa furaha. Sasa, mahali pake ni wapi? Hilo kidude hakiwezi kulijua chenyewe. Kwa hiyo siku kumi na nne za kwanza hakigusi kitu, kinasikiliza tu. Kila asubuhi sauti kutoka kwenye kioo humwuliza mgonjwa swali moja, na jibu lake hulinganishwa na yanayoendelea kichwani mwake wakati huohuo. Akisema mambo ni mazuri, kidude kinaweka alama kwamba hapa ndipo nyumbani kwake. Kuanzia siku ya kumi na tano, kazi yake ni kumrudisha nyumbani.

Tusekile aliyajua haya yote. Yeye ndiye aliyewafundisha wauguzi wapya. Lakini mchana ule, baada ya kugawa uji, alijifungia kwenye chumba cha kumbukumbu, akafungua siku kumi na nne za kwanza za Mzee Ambokile na kusikiliza.

Siku ya kwanza. Sauti iliuliza, "Shikamoo, baba. Habari za leo?" Mzee akajibu, "Marahaba. Nzuri tu, tunamshukuru Mungu." Chini ya jibu hilo mchoro ulikuwa umelala chini kabisa, karibu na ukingo wa kioo. Siku ya tatu alisikika akivuta kamasi kwanza, akikohoa kusafisha machozi kooni, ndipo akajibu nzuri. Siku ya sita, saa moja tu baada ya kuambiwa kwamba uvimbe hautibiki tena, alisema salama kabisa, sijui ninyi huko. Siku ya tisa alisema nzuri, ila sikulala, ila naogopa. Mashine ilisikia nzuri. Hayo ya baada ya "ila" haikufundishwa kuyasikiliza.

Na nani hajibu hivyo? Mtu anatoka kuzika, ukimsalimia njiani anakujibu nzuri, kisha ndipo anakueleza kwamba mama amefariki. Nzuri inatangulia, mengine yanafuata, na asiyejua hivyo hakulelewa. Tusekile mwenyewe, asubuhi mumewe alipoondoka nyumbani na sanduku lake, aliulizwa na jirani habari za asubuhi, akajibu nzuri, akaendelea kuanika nguo.

Lakini si hilo lililomfanya azime rekodi. Sauti iliyokuwa ikiuliza ilikuwa yake.

Wahandisi walikuwa wameleta swali tofauti kabisa. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, ambapo kumi ni kukata tamaa kabisa, moyo wako umezama kiasi gani? Tusekile alikuwa kwenye kamati ya kulitafsiri, miaka sita nyuma, na alilicheka mbele ya watu. Aliwauliza nani atamkabili mzee wa watu na swali kama hilo asubuhi yote, kabla hata hajapata uji. Atadhani unamwombea afe. Akachukua kalamu, akalikata, akaandika salamu, kwa sababu mtu wa hapa unamjulia hali kwa kumsalimia. Kamati nzima ilimpongeza. Wakamwomba na sauti pia, maana sauti yake, walisema, ina heshima.

Kwa hiyo mashine haikukosea popote. Iliwakuta watu chini kabisa ya shimo, ikawauliza, wakaiambia mambo ni mazuri, na tangu siku hiyo ilikuwa ikiwashikilia humohumo. Asubuhi yoyote ambayo moyo wa mtu ulitaka kunyanyuka, kwa sababu ya mvua, au mjukuu, au harufu ya ndizi za kuchoma, iliushusha. Ni kweli pia iliwakinga na ule woga wa kupiga kelele, maana nao ulikuwa nje ya mstari. Kilichobaki ni ule ukijivu mtupu ambao wageni waliuita amani.

Alifungua mafaili ya wengine. Mama wa chumba namba nane, yule mwalimu wa namba mbili, wote. Nzuri, salama, tumeamka, tunamshukuru Mungu. Kisha akafungua orodha ya waliopewa usingizi mrefu tangu nyumba ilipoanza. Walikuwa kumi na mmoja, wote wa kijani. Jina la tisa lilikuwa Subilaga Mwaisumo, mke wa Mzee Ambokile, aliyefia humuhumu mwaka jana.

Tusekile alitoka nje, akazunguka nyuma ya tangi la maji. Alikaa pale kwenye matope akiwa na sare yake nyeupe, akitamani radi ingepiga siku nyingine, au asingepita namba saba.

3

Daktari Lwitiko, mkuu wa nyumba, hakuwa mtu mbaya. Alhamisi asubuhi alimsikiliza Tusekile bila kumkatiza, akasikiliza na rekodi, na kwenye ya tatu akamwomba azime. Kisha akaanza kupanga, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kupanga.

Wale kumi na wanane watarekebishwa mmoja mmoja, alisema, na itaandikwa kuwa ni matengenezo ya kawaida. Familia za wale kumi na mmoja hazina haja ya kujua. Walishika mikono ya watu wao wakati wa kulala, wana kumbukumbu hiyo, na kumbukumbu hiyo ndiyo yote waliyo nayo. Na Mzee Ambokile aachwe alale kesho kama alivyoomba.

Tusekile akasema ombi si lake, ni la mashine. Daktari akakubali. Lakini akamkumbusha kwamba kuipima upya kunataka izimwe siku tatu, na asubuhi tatu za majibu ya kweli. Koo la mzee limebakiza tundu la kupitisha mrija. Ana wiki, pengine siku kumi, na anajua vizuri kwamba atakufa kwa kukosa pumzi.

"Umewahi kumwona mtu wa koo asiye na Mizani?" aliuliza. "Mimi nimewaona, kabla hazijaja. Unataka kumwamsha ndani ya nyumba inayoungua ili umwonyeshe kwamba ina madirisha."

Tusekile aliinuka kuondoka.

"Na ukimwambia, atakuuliza juu ya mkewe," daktari aliongeza, kwa upole kabisa. "Utamwambia nini?"

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa na akili. Tusekile alitembea kwenye ubaraza akiyageuzageuza, na kila alipoyageuza yalizidi kuwa mazuri. Kesho saa sita mzee angelala bila kujua. Yeye angebaki na kazi yake na jina lake. Hakuna ambaye angemnyooshea kidole msibani au kanisani. Alitaka iwe hivyo. Tusiseme uongo juu yake: alitaka kwa moyo wake wote, na alipoingia namba saba na wembe na beseni la maji ya moto, alikuwa ameshaamua kunyamaza.

Alikwenda kumsafisha kwa ajili ya kesho. Alimnyoa ndevu, kisha akashika mkono wake na kuanza kumkata kucha. Labda ni ule mkono kushikwa, labda ni ile kwamba kesho ilikuwa imekaribia, Mzee Ambokile akaanza kuzungumza akiwa ameelekea ukutani. Alizungumza taratibu na bila uchungu wowote, kwa ile sauti ya kijani.

Walikuwa na mtoto, Anyosisye. Mwaka wa maporomoko mvua haikukata siku tisa, na siku zote tisa yeye alibaki kituoni, maana namba zake ndizo zilizowaamulia watu wa bondeni wahame au wasihame. Huku nyumbani mtoto akashikwa na homa. Aliposhuka mlimani walikuwa wameshamzika. Subilaga hakumwambia neno, si siku hiyo, si miaka ishirini na saba iliyofuata. Alimpikia, alimwekea maji ya kuoga, alicheka naye. Mpaka alipolazwa katika nyumba hii. Wiki mbili zilipopita akageukia ukutani, na kwa siku thelathini, mumewe akiwa ameketi kando ya kitanda, hakumgeuzia uso, mpaka akapigwa sindano.

"Alisubiri mwisho ndipo anijibu," alisema Mzee Ambokile. "Ni haki yake. Na mimi sasa nageukia huko huko, tumalizane."

Tusekile aliweka mkasi chini. Alikuwa amejiandaa kumficha mtu ugonjwa wa mashine. Hakujiandaa kumwacha aende kaburini akiamini kwamba mkewe alimchukia, wakati aliyemgeuza yule mama ukutani ni yeye Tusekile, kwa kalamu, mbele ya kamati iliyompigia makofi.

"Baba," alisema, "asubuhi ile ya kwanza ulipoulizwa habari za leo, ukasema nzuri. Ilikuwa nzuri?"

Mzee aligeuka kidogo. "Mtoto wa watu anakusalimia, utamjibuje?"

"Lakini ilikuwa nzuri?"

"Hapana."

Basi akamwambia. Alimweleza swali la wahandisi na jinsi alivyolikata, alimweleza mstari na jinsi mashine inavyourudisha moyo juu yake, alimkumbusha kicheko cha jana na wapi kilikokwenda. Hakujitetea. Alipomaliza, mvua nje ilikuwa imepungua.

"Subilaga naye aliulizwa hivyohivyo?"

"Ndiyo, baba. Kwa sauti yangu."

"Akajibuje?"

"Kwamba ameamka salama. Siku zote kumi na nne."

Mzee Ambokile alifungua mdomo. Kwenye kioo mchoro ulitikisika, ukataka kwenda chini, ukavutwa. Ukataka tena, ukavutwa. Taa ya kijani haikuyumba. Uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayesubiri zamu yake kliniki, na ni macho tu yaliyokuwa yakihangaika.

"Nataka kumlilia," alisema, "na machozi hayaji. Kizime."

Tusekile alimwambia yote aliyoambiwa na daktari, juu ya siku tatu, juu ya koo na pumzi. Hakumpunguzia.

"Kizime, nesi."

Mpaka dakika ile mzee alikuwa akimwita mwanangu. Haki ya kuzima ilikuwa ya mgonjwa, iliandikwa kwenye fomu ambayo hakuna aliyewahi kuisoma hadi mwisho. Tusekile akabonyeza, kioo kikawa cheusi, na Mzee Ambokile Mwaisumo akamlilia mkewe kwa mara ya kwanza tangu amzike.

4

Baada ya machozi ukaja woga, na daktari alikuwa amesema kweli yote.

Ijumaa asubuhi, saa tatu, Tusekile aliingia na kuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, lile swali alilolikata. Baba, moyo umezama kiasi gani, sifuri hadi kumi? Mzee alikuwa ameshika vyuma vya kitanda kwa mikono yote miwili, shuka limelowa jasho.

"Kumi ni manyunyu," alisema kwa shida. "Kumi hailoweshi hata mbegu. Nipe daftari langu."

Lilikuwa chini ya mto, daftari la zamani la kituo lenye kurasa chache zilizobaki. Akaandika tarehe, akaandika saa, akaandika milimita mia moja themanini na sita. Tusekile alikuja kufahamu baadaye, alipofungua kurasa za nyuma, kwamba namba hiyo ilikuwa imeandikwa mara moja tu kabla, mwaka wa maporomoko. Kwenye mashine aliingiza kumi, kwa kuwa mashine haikuwa na zaidi.

Saa sita daktari alikuja na sindano kwenye sinia, kama ilivyopangwa, ingawa alikwisha kuona kioo kimezimwa. Pasipo kijani hakuna usingizi, hiyo ndiyo sheria. Pengine alitaka tu Tusekile aone. Mzee Ambokile alipoiona sindano aliachia vyuma vya kitanda, akanyoosha mikono yote miwili, akaomba. Aliomba kwa sauti isiyokuwa na sauti, akikodoa macho, akimshika daktari koti, mtu wa miaka sabini na minne ambaye hakuwahi kumwomba mkubwa yeyote wa serikali hata ruhusa ya kushuka mlimani.

"Umeona?" daktari alimwambia Tusekile, akajinasua taratibu na kutoka na sinia lake.

Tusekile alipanda kitandani, akamshika mzee kwa nyuma ili akae wima apate pumzi, akamshikilia hivyo mchana kutwa. Alimhesabia pumzi sikioni, moja, mbili, tena moja, mbili. Alijisemea kwamba kosa la kwanza alilifanya kwa ujinga na hili amelifanya kwa makusudi, na hakujua lipi kubwa. Wauguzi wenzake walipita mlangoni bila kuingia.

Jumamosi sauti ilikuwa imekwenda kabisa. Mzee aliandika mia moja na sabini, namba zikipanda juu ya mstari. Alasiri mvua ilipokuja, woga ulimwachia kwa muda wa robo saa hivi. Aligeuza kichwa dirishani. Akaomba daftari kwa ishara, akaandika kwamba Subilaga alikuwa akimpandishia chakula kituoni, ndizi za moto ndani ya majani, na kila mara alisoma chombo cha mvua na kila mara alikosea, kwa sababu alikisoma akiwa amesimama badala ya kupiga magoti. Aliandika: alikataa katakata kupiga magoti. Mdomo wake ulicheza upande mmoja. Hakuna kilichokuja kuufuta. Ulibaki pale mpaka ulipoondoka wenyewe, kisha woga ukarudi na Tusekile akapanda tena kitandani kumshikilia.

Jumapili saa tatu asubuhi kengele za kanisa la chini zilikuwa zinalia na mvua ilikuwa inanyesha vizuri, bila upepo. Tusekile aliuliza swali lake. Mzee Ambokile alifumba macho, kama anayeinama kusoma kitu kwa usawa wa macho, akaandika tisini na nne. Halafu akaongeza pembeni, kwa herufi ndogo, bado inanyesha.

Hiyo ilikuwa asubuhi ya tatu. Mashine ilikuwa imepata majibu yake, ilingoja kubonyezwa tu. Kutoka siku hiyo ingejua kwamba hapa si nyumbani kwake na isingemfungia tena humu. Tusekile alinyoosha mkono kwenye kioo, lakini mzee akamzuia kwa kidole, akaandika kwanza. Aliandika polepole na akamgeuzia daftari asome.

Kosa ulilonifanyia mimi nimekusamehe. La Subilaga si langu kulisamehe.

"Najua, baba," alisema Tusekile. Alijua tangu nyuma ya tangi la maji. Chumba namba nane kilikuwa kinamsubiri, na namba mbili, na wengine kumi na sita wa kuulizwa lile swali na kupewa siku tatu za moto, na daktari alikuwa tayari ameandika barua kwa Bodi ambayo jina la Tusekile limo ndani. Na nje huko, vijijini na mijini, zilikuwepo familia kumi na moja zilizolala salama.

Mzee alichora mstari chini ya namba yake, akaandika tarehe upya, akaandika saa. Kisha akanyoosha peni kumwelekea yeye, akanyanyua nyusi. Na wewe?

"Nzuri, baba," alisema Tusekile.

Neno lilikuwa limeshatoka. Mzee Ambokile hakuandika kitu. Alisubiri na peni yake juu ya karatasi, bila hasira, bila haraka, mtu aliyekaa miaka thelathini na mmoja bila kuongeza tone wala kupunguza. Tusekile alitaka kucheka na badala yake akapiga magoti kando ya kitanda, uso wake ukiwa usawa wa daftari.

"Sijui kusoma, baba," alisema. "Sioni mwisho wake. Kimefurika."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Aliandika chombo kimefurika, akamgeuzia daftari, akampa peni asaini. Tusekile alisaini jina lake lote, la kwake na la baba yake. Alipotaka kurudisha peni, mzee akaifunga ndani ya kiganja cha Tusekile, akanyoosha vidole kumi vya mikono yake miwili, kisha kimoja.

Tusekile akaitia peni mfukoni kwa ajili ya zile familia kumi na moja, akainuka, akabonyeza. Kioo kiliwaka manjano, rangi ya moyo ambao haujafika mahali pake, si kijani, na Mzee Ambokile akabaki amegeukia dirishani.